Shati la Imamu Mdogo

Mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga, hupimwa kwa vipimo viwili kwa siku moja. Asubuhi huenda shule ya serikali, na huko hukalishwa pamoja na waliozaliwa mwaka mmoja naye. Alasiri huenda chuoni kusoma Qur'ani, na huko hukalishwa pamoja na wanaosoma ukurasa mmoja naye. Nimekulia kati ya vipimo hivyo. Marehemu baba alisomesha chuo barazani kwetu, mimi nikaajiriwa na serikali kufundisha shule ya msingi hadi nilipostaafu. Swali tulilobishana bila kulimaliza ni hili: kipimo kipi kati ya hivyo viwili humtendea mtoto haki?

Kwa baba hakukuwa na darasa la pili wala la tano. Mtoto alianza na alifu, bee, tee kwenye ubao, akaingia irabu, akaunganisha, akapanda juzuu ya Amma, kisha msahafu, hadi akahitimu. Baba aliwaita mmoja mmoja na kuwasikiliza. Ukisoma sawasawa unavuka, ukikosea kesho unarudi pale pale. Kijana wa miaka kumi na minne aliyechelewa kuletwa na wazazi wake alisoma alifu ubavuni mwa kitoto cha miaka sita, na kwenye mkeka uleule kulikuwa na mtoto wa miaka minane aliyekwishafika Yasini. Watoto walichekana, watoto ni watoto, lakini walichekana kwa kamasi, kwa kanzu iliyopasuka na kwa kusinzia. Kuwa mbele ya wenzio au nyuma yao hakukuchekwa, kwa sababu hapakuwa na mstari wa kumwonyesha mtu kwamba yuko mbele au nyuma.

Sisemi chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwepo, na wengi walikariri wasichokielewa. Nasema juu ya mpangilio tu: mwalimu mmoja asiye na cheti, mkeka mmoja, na kila mtoto akienda kwa mwendo wake.

Serikali ilishika umri. Na wakati vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa haba, umri wenyewe ulipimwa kwa mkono. Wa rika langu wanakumbuka: unasimamishwa mbele ya mwalimu mkuu, unaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa na kujaribu kushika sikio la kushoto. Ukilifikia, unaandikishwa darasa la kwanza. Usipolifikia, rudi nyumbani, tuonane mwakani. Wenye mikono mirefu waliwahi, wenye mikono mifupi walicheleweshwa, na hakuna aliyewauliza wanajua nini.

Sababu za serikali nazielewa, nimezifanyia kazi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi iliamua kila mtoto aende shule, na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ada ilipofutwa, madarasa yalifurika upya. Nimepata kusimama mbele ya watoto zaidi ya mia moja, wengine wameketi sakafuni, nina chaki na vitabu vya kushirikiana watatu watatu. Huwezi kumwita mmoja mmoja akusomee. Isitoshe umri hauhongeki kirahisi. Mzazi mwenye uwezo anaweza kumshawishi mwalimu amsogeze mwanawe, lakini mwaka wa kuzaliwa ni vigumu kuusogeza (ingawa waliojaribu nimewaona). Kwa mtoto wa maskini, kipimo kisichohongeka ni kinga.

Ila kanuni ya kurahisisha kazi ikikaa muda mrefu watu huiona kama amri ya Mungu. Nani aliteremsha darasa la saba? Wazee wetu walimaliza la nne, wachache wakavuka hadi la nane. Baadaye likaja la saba, tukaapa kwalo. Mtaala ulioanza mwaka 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Namba zote hizo zimetoka wizarani, zimebadilishwa na watu kwa sababu za fedha, walimu na siasa, na zitabadilishwa tena.

Na anayekuja akiwa amechelewa tumemfungulia mlango zamani. Mwaka 2004 huko Eldoret, Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka 84, amevaa kaptura na soksi ndefu za shule, na dunia nzima ikampigia makofi. Hapa kwetu tulikuwa na MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa: watoto waliopitwa na umri walifundishwa kwa miaka michache kuliko saba, kisha wakaingizwa kwenye mfumo wa kawaida. Kwa hiyo hoja kwamba masomo ya msingi hayawezi kubanwa, kwamba kila mwaka una siri yake isiyorukika, tumekwisha kuikana sisi wenyewe. Tunabana masomo kwa ajili ya aliyechelewa ili awahi. Aliyewahi tunamwambia asubiri.

Nilikuwa na binti mmoja darasa la tatu, mtoto wa mama aliyekaanga mihogo karibu na soko la Ngamiani. Jina lake nalihifadhi. Mwezi wa pili tu nilijua kwamba sina cha kumpa. Nikiandika hesabu kumi ubaoni, yeye anamaliza ninapoandika ya saba, kisha anaanza uchokozi: anasuka nywele za aliye mbele yake, anachora, anaomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu kwa kipindi. Alikuwa akichapwa kwa utundu karibu kila wiki na walimu wa masomo mengine. Siku moja nikampa karatasi ya Hisabati ya darasa la tano, kwa hasira kidogo, nikitaka atulie. Alitulia. Akakosa maswali mawili, yote ya sehemu, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuona sehemu zikigawanywa. Nilipomwonyesha mara moja, akayarudia na kuyapata.

Kabla ya hapo jibu lilikuwa rahisi: mtoto alirushwa darasa. Mwalimu mkuu aliafikiana na mwalimu wa darasa, mzazi akaitwa, mtoto akabeba daftari zake akahamia chumba cha pili. Nimeona wengi wa namna hiyo, na wengi walisimama imara. Kwa huyu, mwalimu mkuu alitaka kibali cha juu, na barua ilirudi ikisema kwamba utaratibu hauna nafasi hiyo na kwamba mtoto aendelee na wenzake. Siku hizi kwa kweli mwalimu mkuu ana hofu zaidi. Kila mtoto ana namba yake kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, kuna upimaji wa darasa la nne, na kila takwimu inadai mtoto awe pale alipoandikwa.

Basi akabaki. Nikamfanya kiranja, akasahihisha daftari, akawafundisha waliokwama. Kila mtu alinipongeza. Miaka mingi baadaye nilikutana naye akiwa mtunza hesabu wa vikoba vya mtaani kwao, akanishika mikono. "Shikamoo, Mwalimu. Unajua mimi darasa la tatu nilisoma mara tatu? Mara ya kwanza kwa vitabu vya kaka, mara ya pili kwako, mara ya tatu nikiwafundisha wengine." Alisema akicheka, hana kinyongo. Lakini sentensi ile nimeishi nayo.

Kwa sababu hoja ya kumbakisha ni nzito, na ni hoja nzuri kuliko ile ya utaratibu. Inasema: kipaji hakikuja kwa ajili ya mwenye nacho. Mtoto mwerevu akiondoka darasani, wanaobaki wanapoteza taa yao. Akibaki, wote wanafaidika, naye anajifunza unyenyekevu. Nilifanya kazi katika nchi iliyolelewa na fikra hiyo. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alionya kwamba shule inaweza kuzalisha watu wachache wanaojiona wao si wa jamii yao tena. Na miaka mitatu kabla ya hapo alikwisha kutoa mfano unaojulikana sana: anayesomeshwa na nchi maskini anafanana na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, ni msaliti.

Mimi naukubali mfano ule, ila nausoma mpaka mwisho. Kijiji kile kilimruhusu yule mtu aende. Kilimlisha akatoka mbio. Hakikumlisha kisha kikamwambia atembee polepole sambamba na wazee ili wasijisikie vibaya. Tena msemaji mwenyewe alinufaika na ruhusa ya namna hiyo. Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa kama miaka 12. Waandishi wa maisha yake wanaeleza kwamba baada ya miezi kama sita walimu waliona matokeo yake wakamrusha darasa. Mwaka 1937 alikuwa Tabora. Walimu wa shule moja ya wakati wa ukoloni, wakiwa na mtoto wa chifu aliyechelewa kuanza, hawakusema utaratibu hauna nafasi. Najiuliza kama wangemzuia tungekuwa na Nyerere yuleyule. Pengine ndiyo. Mtu kama yule huvuka. Lakini sheria haitungwi kwa ajili ya wale ambao wangevuka tu.

Juu ya jambo hili nilibishana zaidi na mwalimu mwenzangu, Mbondei wa Magila, Mwanglikana aliyeijua Biblia yake kuliko padri. Tulikuwa tukikaa ofisi ya walimu saa nne, chai ya rangi na vitumbua, na yeye ndiye aliyekuwa akitetea kusubiri. Siku ile barua iliporudi nilimtania kwa mfano wa talanta, ule wa Mathayo. Mtumwa wa tatu hakuiba kitu, nikamwambia. Hakula fedha ya bwana wake, hakuipoteza kamarini. Aliifukia, akairudisha nzima kama alivyoipokea, na utetezi wake ulikuwa kwamba aliogopa. Na bado alihukumiwa. Sasa, Mwalimu, sisi tumempokea mtoto mwezi wa kwanza anajua hesabu hizi, na mwezi wa kumi na moja tunamrudisha kwa mama yake anajua hesabu hizi hizi. Tukiulizwa tutasema tuliogopa utaratibu.

Akacheka, akanyamaza, akanywa chai. Kisha akanijibu kwa Luka. "Dada, Yesu alikuwa na miaka kumi na miwili alipokaa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na wote wakashangaa. Halafu ikawaje? Akashuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawa anawatii. Kazi yake hakuianza mpaka alipofika kama miaka thelathini. Sasa kama yeye alirudi nyumbani kusubiri, mtoto wa mama mihogo anakimbilia wapi?"

Ni jibu zuri, na nililibeba nyumbani. Kwa siku kadhaa sikuwa na la kumwambia. Kisha nikaona kwamba kisa chake kinasema mambo mawili, naye alishika la pili tu. Ndiyo, yule kijana alirudi Nazareti kulala kwao na kukua na rika lake. Lakini kwanza alikaa hekaluni, na hakuna mwalimu aliyemwinua kwa sikio akamtoa nje kwa sababu ya umri. Aliruhusiwa kuuliza maswali yake kwa watu wenye uwezo wa kuyajibu, kisha akarudi kwa mama yake. Vyote viwili. Sisi binti yetu tulimpa Nazareti peke yake.

Kwa upande wa dini yangu, visa viwili vilinisaidia kufikiri. Cha kwanza ni cha Ibn Abbas. Sayyidna Umar, akiwa khalifa, alikuwa akimkalisha kijana huyu katika baraza la wazee waliopigana vita vya Badri. Baadhi yao walinung'unika: mbona huyu anaingizwa, nasi tuna watoto wa umri wake? Ni manung'uniko yaleyale ya kikao cha wazazi, neno kwa neno. Umar hakuwajibu kwa hotuba. Siku moja aliwaita wote, na kijana akiwemo, akawauliza wanasemaje juu ya Suratun-Nasr. Wengine wakasema ni amri ya kumsifu Mungu na kuomba msamaha ushindi unapokuja, wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema inaashiria kwamba mauti ya Mtume yamekaribia. Umar akasema hata yeye hajui maana nyingine zaidi ya hiyo.

Ninachokipenda hapo ni ule uwazi. Umar alijua thamani ya kijana tangu mwanzo, lakini hakutaka wengine waamini kwa kuwa khalifa kasema. Aliuweka ujuzi wa kijana mezani, mbele ya walalamikaji, kwa swali moja kwa wote. Hilo linajibu hofu ya upendeleo, hofu ambayo ni ya haki kabisa mahali ambapo mtoto wa diwani na mtoto wa mama mihogo wanasoma darasa moja. Mtoto asirushwe kwa neno la mwalimu. Apewe mtihani ambao wa darasa la juu wanaufanya, usahihishwe na asiyemfahamu, na matokeo yaonwe na kila anayetaka.

Kisa cha pili hakitajwi sana mimbarini, sijui kwa nini. Ni cha Amr bin Salama, kimo katika Bukhari. Kabila lao liliishi kando ya maji, mahali ambapo misafara ilipita, na yeye, mtoto mdogo, alikuwa akizipokea aya kutoka kwa wapita njia na kuzihifadhi kabla kabila lake halijasilimu. Baada ya Makka kufunguliwa baba yake alikwenda kwa Mtume, akarudi na maagizo kwamba awaswalishe aliyehifadhi Qur'ani zaidi. Wakatazamana, wakatafuta, hawakumpata aliyemzidi yule mtoto. Alikuwa na miaka sita au saba. Wakamtanguliza mbele, watu wazima nyuma yake. Sasa, nguo yake ilikuwa fupi. Akisujudu, inapanda. Mwanamke mmoja wa kabila akasema jambo ambalo kila mmoja alikuwa akiliona: msitirini imamu wenu. Wakanunua kitambaa, wakamkatia shati. Na Amr anasimulia, akiwa mtu mzima, kwamba hakupata kufurahia kitu kama alivyolifurahia shati lile.

Hakusema alifurahia uimamu. Ujuzi wake ulimfikisha mbele ya wazee, lakini moyo wake ulikuwa wa mtoto wa miaka saba aliyepata nguo mpya. Watu wa kabila lake walipaswa kuyaona yote mawili, na alihitajika mwanamke mmoja, aliyesimama nyuma kabisa ya safu, kuwaonyesha la pili. Wanazuoni wenyewe wamegawanyika juu ya kisa hiki. Sisi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi wa pwani hii, tunaruhusu mtoto mwenye kupambanua kuwaswalisha watu wazima swala ya faradhi. Wahanafi na Wamaliki hawaruhusu, kwa sababu wajibu bado haujamfika mtoto. Sababu yao si ya kupuuzwa: anayebeba la watu wazima kabla ya wakati anabeba kitu ambacho hakijawa chake. Ila hata wao hawasemi asihifadhi. Hakuna dhehebu lililomwambia mtoto asiende sura inayofuata kwa kuwa wa rika lake hawajafika.

Nilipomsimulia mwenzangu wa Magila, aliuliza swali moja tu: "Na shati atashonewa na nani?"

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto akirushwa madarasa mawili katika mfumo wa miaka saba anamaliza la saba akiwa na miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, na anaingia kidato cha kwanza ambako masomo karibu yote yanageuka Kiingereza siku ya kwanza. Werevu wake wote umejengwa kwa Kiswahili. Binti wa umri huo akipangiwa bweni mkoa mwingine, anakwenda kulala na wasichana wa miaka kumi na sita. Ni nani anayemwangalia? Nimeona mtoto aliyerushwa akifaulu vizuri na kula peke yake chini ya mwembe mwaka mzima. Katika historia yupo William James Sidis wa Marekani, aliyeingia Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, baba yake akitangaza kwa fahari mbinu zake za malezi, magazeti yakimfuata. Alimaliza maisha yake katika kazi ndogondogo za ukarani, akiwakimbia waandishi, akafariki mwaka 1944 akiwa na miaka 46. Watu humtaja kama ushahidi kwamba haraka ni mbaya. Mimi naona mtoto aliyetangulizwa mbele ya safu, na umati mzima ukamtazama bila mtu kununua kitambaa.

Mfano wa upande wa pili ni Terence Tao wa Australia. Akiwa na miaka minane alikuwa akisoma sekondari, lakini hakuwekwa kidato kimoja kwa masomo yote. Kila somo alilisoma na watu wa kiwango chake katika somo lile, Hisabati juu kabisa, mengine chini. Wazazi wake walikataa kumkimbiza. Mwaka 2006 alipewa Medali ya Fields. Watoto kama yeye ni nadra mno, sitaki mzazi yeyote amtazame mwanawe kwa jicho hilo. Nilichochukua kwake ni ule mpangilio, kwa maana ni uleule wa barazani kwa baba: hapakuwa na mtu anayeuliza wewe ni darasa la ngapi, waliuliza umefika wapi katika hili.

Ripoti moja ya Chuo Kikuu cha Iowa ya mwaka 2004, ambayo mjukuu wangu alinichapishia, inataja njia kumi na nane za kumharakisha mtoto mwenye kipawa. Kurusha darasa ni mojawapo tu. Zipo za kuanza shule mapema, kusoma somo moja na darasa la juu, kubana kazi za mwaka zikaisha kwa muhula, kufanya mtihani wa somo bila kulihudhuria. Nyingi hazigharimu kitu. Kumpeleka mtoto chumba cha pili kwa kipindi cha Hisabati kunahitaji ratiba iliyolinganishwa na walimu wawili wanaosalimiana. Hapo ndipo nilipo mimi. Kati ya kumfungia na kumrusha ipo njia ya kumtoa saa moja na kumrudisha: akagawanye sehemu na wa darasa la tano, kengele ikigonga arudi kucheza rede na wa rika lake. Anayeimudu njia hiyo kwa masomo yote, na mwili na moyo vikaonyesha kuwa tayari, huyo arushwe moja kwa moja, kwa mtihani wa wazi.

Nitaambiwa serikali inazo shule za vipaji maalumu. Inazo, na naziheshimu: Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Lakini zinamngoja mtoto mwisho wa elimu ya msingi, na zinamtambua kwa alama za mtihani mmoja. Mtoto aliyechoshwa tangu darasa la tatu, akachapwa kwa utundu, akazoea kupata bila kujaribu, mara nyingi hafiki kwenye orodha hiyo. Anayefika ni yule aliyekuwa na twisheni, daftari za kutosha na taa ya kusomea usiku. Kusubiri hakumwumizi mtoto wa mwenye nacho. Mzazi wake atamnunulia vitabu vya mbele, atampeleka shule ya binafsi inayosikiliza. Kusubiri kunamwumiza yule ambaye shule ya serikali ndiyo mlango wake pekee, na ndiye tunayemwambia kwa jina la usawa kwamba asubiri.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba kumfundisha mtoto mwaka mzima kitu anachokijua ni dhuluma, hata ikifanywa kwa wema na kwa karatasi halali. Kumsukuma mbele bila kumsitiri ni dhuluma nyingine. Ya pili haihalalishi ya kwanza, na wale wanaoitaja ya pili kila mara ili wasiiguse ya kwanza nimewachoka.

Mwalimu mkuu unayesoma haya, huhitaji waraka mpya kuanza. Waulize walimu wako wa darasa la pili na la tatu ni mtoto gani anayemaliza kabla ubao haujajaa, hasa yule anayechapwa sana. Mpe karatasi ya mwaka unaofuata, na akiiweza, linganisha vipindi viwili vya ratiba. Mwite mama yake umweleze. Na uteue mwalimu mmoja, kwa jina, ambaye kazi yake itakuwa kumwuliza yule mtoto kila Ijumaa anacheza na nani.